Jinsi ya kuona seli bila kuzipaka rangi: filta ya GV, gliserini na leza ya kijani

Tangu niwaonyeshe watu hii kitu kwenye darasa letu huku Kigoma, simu haipoi na maswali ni yale yale. Filta naipata wapi? Bei gani? Naweza kutumia leza nyekundu? Halafu kuna la kuweka mawese kwenye filta, na hilo naulizwa na kila mtu, maana huku kwetu mawese ni jibu la kila kitu. Sasa naandika mara moja, ukiuliza tena nakutumia hii.

Jibu fupi: filta hainunuliwi, unaitengeneza mwenyewe kwa vitu vya duka la dawa, gliserini na GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda). Mawese sahau. Yana rangi nzuri sana ndio, lakini kwa joto la kawaida yanaanza kuganda, yanajaa chembechembe, na chembe zinatawanya leza kila upande. Nilijaribu, nikapata ukungu wa kijani ukutani, hamna kingine.

Kinachotokea, kwa ufupi kabisa

Seli ya shavu ndani ya maji haizuii mwanga, inauchelewesha kidogo tu. Jicho na kamera havioni kuchelewa, vinaona ukali wa mwanga basi, ndio maana shuleni tunapaka methilini bluu. Huko kuchelewa ndiyo fezi, na usichanganye na fezi tatu za fundi umeme. Mholanzi mmoja, Frits Zernike, aligundua kwamba ukiuchukua ule mwanga uliopita bila kuguswa na seli, ukausogeza robo ya wimbi, basi kuchelewa kunageuka kuwa giza na nuru inayoonekana. Akapewa Nobeli mwaka 1953. Filta yake ni kioo chenye alama iliyopimwa kwa umakini mkubwa, na lazima uikalishe mahali pake hasa, ikihama kidogo tu imeharibika.

Sisi tunafanya kivivu. Mwanga usioguswa, ukipita kwenye lenzi, unakusanyika kwenye nukta moja kali. Ule uliopindishwa na seli unasambaa pembeni, hafifu. Tukiweka pale gliserini yenye rangi kidogo, ile nukta inaipasha joto, na kwenye gliserini iliyopata joto mwanga unakwenda kasi kidogo zaidi, kwa hiyo nukta inajisogeza fezi yenyewe. Leza ikitikisika, alama inaifuata. Kitu kinachobadilika kwa kufuata ukali wa mwanga namna hii ndio wanaita nonlinia. Kwenye maabara kubwa wanatumia likwidi kristali zenye rangi (vimiminika kama vile vya kwenye kioo cha kikokotoo), au filamu za bakteriorodopsini, protini ya vijidudu vinavyopenda maji ya chumvi kali (mtu wa huku ukisikia hivyo akili inaenda Uvinza kwenye chumvi moja kwa moja). Sisi GV inatosha.

Na joto lenyewe ni dogo mno. Kwa tabaka la milimita 1 na leza ya kijani, robo ya wimbi inahitaji gliserini ipande kama nyuzi 0.6 tu. Spiriti kama 0.3, maji kama 1.3. Shika hizo namba maana makosa karibu yote yanaanzia kwa mtu kudhani anahitaji joto kubwa.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Kalamu ya leza ya kijani, ile ya nanomita 532, yenye lebo isiyozidi miliwati 5. Nyekundu kwa GV haifai, rangi ya zambarau inaiachia ipite tu.
- Lenzi mbinuko ya fokasi sentimita 15, ile ile ya praktiko za fizikia.
- Slaidi za hadubini sita hivi na vifuniko vyake vyembamba.
- Gliserini safi ya duka la dawa, isiwe losheni yenye gliserini.
- GV ya asilimia 0.5, chupa moja itakutosha miaka.
- Sirinji mbili za mililita 10, glavu, vijiti vya meno.
- Gundi ya silikoni.
- Stendi tatu zenye klampu, au vitalu vya mbao na plastisini. Nimetumia vyote, plastisini inalegea mchana joto likipanda.
- Karatasi nyeupe na chumba kinachoweza kuwa giza, chenye urefu kama mita 5.

Kuhusu leza, soma hapa kabla ya kitu kingine. Usiangalie ndani ya mwali, hata sekunde moja, hata kama umeambiwa ni ya kuchezea paka. Kalamu nyingi za bei rahisi zina nguvu kuliko lebo inavyosema, na za kijani huwa zinavujisha pia mwanga usioonekana, kwa sababu ndani yake kuna leza ya 1064 inayopitishwa kwenye kristali ili iwe 532 (hiyo kristali nayo ni nonlinia, kwa hiyo ulikuwa nayo mfukoni siku zote). Vua pete na saa. Mwali uwe chini ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na wanafunzi wote wakae upande mmoja, nyuma ya leza. Kamera ya simu isielekezwe kwenye mwali, unapiga picha ya karatasi tu.

Hatua

1. Pima lenzi. Usiamini namba iliyoandikwa pembeni. Saa sita mchana toka nje, kusanya jua kwenye kipande cha tofali, pima kwa rula kutoka kwenye lenzi mpaka nukta ikiwa ndogo kabisa. Yangu iliandikwa 15 ikawa 14 na nusu. Andika namba yako. Mimi naendelea na 15, wewe tumia yako.

2. Jenga kijichupa bapa. Kata slaidi moja vipande vyembamba (kikata vioo, au mpe fundi wa madirisha akukatie), vipande viwili vikae kingoni mwa slaidi nzima na kimoja chini, juu yake slaidi nyingine nzima, gundi silikoni pembeni, juu acha wazi. Unene wa slaidi ni kama milimita 1 kwa hiyo nafasi ya ndani ni hiyo hiyo. Acha ikauke usiku kucha. Usiharakishe, silikoni mbichi inatoa mvuke unaoacha utando kwenye kioo. Tengeneza viwili, cha pili nitakwambia kazi yake.

3. Changanya rangi, na hapa ndipo watu wanaharibu. Mara ya kwanza mimi nilitia GV mpaka ikawa kama wino, nikidhani rangi nyingi ndio filta nzuri. Ukutani nikapata miduara, mmoja ndani ya mwingine, kama jiwe limetupwa ziwani. Miduara hiyo inakwambia fezi imezunguka mawimbi mazima na zaidi, na wewe ulitaka robo. Kwa hiyo:

Tone moja la GV kwenye mililita 10 za gliserini, koroga polepole kwa kijiti mpaka isionekane mistari. Huu ndio mchanganyiko mama. Kisha chukua mililita 1 ya mama, weka kwenye mililita 9 za gliserini safi. Huo ndio wa kutumia. Ukiuangalia kwenye glasi utaona zambarau iliyopauka, na ndani ya kijichupa cha milimita 1 karibu utasema hamna rangi. Ni sawa! Tunataka inyonye sehemu ndogo tu ya leza, asilimia 5 mpaka 10 hivi. Kama ni hafifu mno tutaongeza tone tone la mama baadaye. Kupunguza ndio shida, ni lazima uoshe uanze upya.

Acha utulie saa nzima mapovu yapande. Gliserini ni nzito na mapovu yake ni sugu. Kabla ya kumimina ingiza kwenye sirinji, simamisha, subiri, halafu sukuma taratibu chini ya kijichupa.

Kijichupa cha pili kijaze gliserini tupu, bila GV. Kiandike T kwa kalamu ya maka.

Kwa nini si spiriti wakati inahitaji joto dogo zaidi? Inaondoka hewani, inashika moto, na ikipata joto inapanda juu kama mvuke wa chungu, nukta inapata umbo la mwezi uliokatwa. Gliserini haina haraka. Ukizoea jaribu spiriti, kwa sasa hapana.

4. Andaa seli. Sukutua mdomo kwanza. Kwa upande butu wa kijiti cha meno kwangua ndani ya shavu kidogo, paka kwenye tone la maji juu ya slaidi, funika. Usitie rangi yoyote. Pembeni kabisa ya slaidi, upande ule ule wenye seli, weka kidoa kidogo cha maka jeusi, kitatusaidia kulenga. Ngozi ya kitunguu, ambayo kila mtu anakimbilia, achana nayo, ni nene mno na fezi inazunguka mara nyingi ndani yake, unapata fujo. Seli ya shavu ni bapa, nyembamba, inachelewesha sehemu ndogo ya wimbi, ndicho tunachotaka.

5. Panga mstari. Leza, kisha slaidi ya seli, kisha lenzi, kisha nafasi ya kijichupa, kisha ukuta wenye karatasi. Vyote urefu mmoja. Washa leza ikiwa peke yake kwanza, weka alama pale inapogonga ukuta. Halafu ingiza lenzi, isogeze mpaka katikati ya mwanga irudi kwenye alama ile ile. Kitufe cha leza kifunge kwa mpira wa kufungia hela, ila usiwashe zaidi ya dakika mbili mfululizo, inapata joto na nguvu yake inacheza.

Meza iwe nzito. Yetu iko upande wa barabarani na bodaboda ikipita tu picha inaruka, siku hizi nafanyia sakafuni kwenye sementi na nimelala kifudifudi kama fundi gari, wanafunzi wanacheka lakini picha imetulia.

6. Lenga bila filta. Ukuta ukiwa mita 4 na nusu kutoka kwenye lenzi, slaidi inatakiwa iwe sentimita 15.5 mbele ya lenzi, na unapata ukuzaji kama mara 29. Leta kidoa cha maka kwenye mwali, sogeza slaidi milimita kwa milimita mpaka kingo zake ziwe kali. Simamia hapo. Sasa sogeza slaidi kando, sio mbele wala nyuma, mpaka seli ziingie kwenye mwali.

Utashangaa huoni kitu, au unaona vivuli hafifu tu. Vizuri! Ukiona seli zimekolea hapa ujue hujalenga. Hili nalirudia kwa kila mtu na bado watu wananitumia picha "imefanya kazi ticha" kumbe ni lenzi imehama. Kitu kisicho na rangi ukikitoa kwenye fokasi kinaonekana, na kingo zake zinapata mistari ya giza na mwanga, inafanana kabisa na fezi kontrasti, yaani ule ukolezi wa Zernike tunaoutafuta. Kwa hiyo lenga mpaka seli zipotee, ndipo uendelee.

7. Weka kijichupa. Nyuma ya lenzi, sentimita 15, shika kipande cha karatasi nyembamba, kisogeze mpaka nukta iwe ndogo kupita zote. Nukta hiyo ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Toa karatasi, weka kijichupa cha T hapo hapo, katikati ya tabaka la gliserini. Picha ukutani isibadilike. Ikibadilika kuna povu au alama ya kidole kwenye kioo, futa.

Kisha toa T, weka kile chenye GV. Subiri sekunde mbili tatu.

8. Jaribio la kadi. Ziba mwali kwa kadi ngumu mbele ya leza, hesabu mpaka tano, toa kadi huku ukiangalia karatasi ukutani. Mwanzoni seli hazipo, kisha ndani ya muda mfupi, sekunde moja hivi au chini yake, zinajitokeza zenyewe, kingo na kiini katikati, zina giza kuliko mazingira yake. Hiyo ni joto linajijenga na alama inajichora. Fokasi mbaya haiwezi kufanya hivyo, yenyewe ipo tangu mwanga unapofika. Mtu akiniletea video ya picha ikizaliwa namna hii namwamini, akiniletea picha ya mnato namwomba aje na video.

Mimi siku ya kwanza nilitoa na kurudisha kadi labda mara thelathini, chai ikapoa.

9. Rekebisha ukolezi. Ikijitokeza hafifu, ongeza tone moja la mama kwenye mililita 10 za mchanganyiko wako, jaza upya, jaribu tena. Endelea mpaka ianze kufifia badala ya kukolea, halafu rudi tone moja nyuma. Njia nyingine kama una miwani ya jua ya polaroidi, weka kioo chake mbele ya leza na ukizungushe, kwa leza nyingi nguvu inashuka na kupanda na unarekebisha bila kugusa gliserini. Yangu inashuka vizuri, ya mwenzangu karibu haibadiliki, inategemea kalamu.

10. Piga picha. Simu kwenye stendi, karibu na karatasi, ikae pembeni kidogo ili isizibe mwali, fokasi ifunge kwa mkono. Utaona punjepunje zinazometameta juu ya kila kitu, ndio tabia ya leza. Dawa yake ya kienyeji: mtu aishike karatasi na kuitikisa taratibu kushoto kulia, ikibaki umbali ule ule, wakati simu inachukua picha ndefu ya nusu sekunde. Punje zinachanganyika zinapotea, seli zinabaki.

Ikikataa

*Ukutani kuna miduara.* Rangi nyingi mno, au leza yako ina nguvu kuliko lebo. Punguza rangi kwa nusu, tena nusu.

*Picha ilikuwepo, nimeongeza rangi ikafifia, nikaongeza tena imerudi lakini imegeuka, pa giza pamekuwa peupe.* Hujaharibu kitu, umepita. Kwenye nusu wimbi ukolezi unakaribia kuisha, ukifika robo tatu unarudi kinyume. Rudi nyuma.

*Naona kingo za vitu vikubwa tu, katikati hamna kitu.* Joto halikai ndani ya nukta, linasambaa mpaka kama nusu milimita pembeni, na kitu kikubwa kinapindisha mwanga kidogo sana kiasi kwamba mwanga wake unaangukia ndani ya lile joto, unasogezwa pamoja na ule usioguswa, tofauti haipo. Kwa lenzi ya sentimita 15, kitu kinachozidi milimita 0.15 hivi usikitarajie. Ndio maana mistari ya alama ya kidole haitoki vizuri. Tabaka jembamba zaidi linasaidia maana vioo viwili vinanyonya joto haraka, tenga kwa vipande vya kifuniko chembamba badala ya slaidi, lakini hapo rangi uikoleze mara nyingi zaidi, na kujaza gliserini kwenye ufa ule ni kazi ya kumwita mtu mwenye subira.

*Picha inakuja na kuondoka yenyewe.* Betri. Au leza imechoka, izime dakika tano. Kama betri ni mpya na leza ni baridi, angalia upepo wa dirishani kwenye meza, na bodaboda.

*Jaribio la kadi halionyeshi tofauti yoyote.* Anza na nukta, karibu kila mara kijichupa kiko sentimita moja mbele au nyuma ya mahali pake. Kisha rangi. Kisha hakikisha hujaweka T kwa bahati mbaya, msicheke, imeshanitokea mbele ya mgeni.

*Vumbi.* Kiangazi huku kila punje ya vumbi kwenye lenzi inageuka miduara ya shabaha ukutani. Pamba na spiriti, futa kwenda upande mmoja, halafu funika vifaa kwa kitambaa kila ukitoka. Miduara hii ya vumbi inasimama palepale hata ukizima na kuwasha, ile ya rangi nyingi inakua na joto, kwa hiyo kadi ile ile itakwambia ni ipi.

GV ikikumwagikia vidoleni utatembea na zambarau siku kadhaa, vaa glavu. Kijichupa kilichojaa kifunike juu kwa plastiki na ukiweke gizani, mwanga unapausha GV polepole na gliserini inavuta maji kutoka hewani, hasa masika. Changu cha sasa nakijaza upya kila baada ya wiki tatu, na mama nimeiweka kwenye kabati ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, lebo nyekundu, imeandikwa USINYWE.